Nilimtafuta Bakari Kitabuni Mwako

Riziki mwanangu,

Umekwenda Ukunda kumuaga shangazi yako, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu kabla hujarudi. Usishangae. Tumelala chumba kimoja wiki hizi zote na hatukuzungumza ila mambo ya chumvi na maji ya kuoga, basi haya mengine nimeona niyaandike. Kesho utaondoka na basi la alfajiri. Barua hii utaikuta mkobani, chini ya leso, ukiwa umeshafika mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wa huko Eldoreti. Hayo shangazi yako atakuwa ameshakumwagia. Yule hajawahi kumwona mtu akivuka kwa feri ya Likoni bila kumpa wasia wa kutosha mwaka mzima. Mimi nataka kukuandikia juu ya kitabu chako. Uliniuliza nimekionaje, nikakujibu neno moja, na lile neno lilikuwa uongo.

Lakini nianze mbali kidogo, maana kuna mambo uliyakuta yakienda na huenda hukuwahi kuambiwa yalivyoanza.

Ulikuwa ungali unatambaa nilipoanza kuwasomea wenzangu. Tulikuwa tukikaa nyuma ya nyumba ya Bi Mwanasiti, jirani yetu, tukikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona, kuti baada ya kuti, kwa ajili ya mapaa ya hoteli za Diani na kule Chale. Kazi ile huumiza vidole na haina mapya. Ikifika saa nne mmeshamsengenya kila mtu wa Msambweni na mmebaki kutazamana. Babako alipohamia Mkongani kwa mke mwenzangu alichukua redio, akaniachia vitabu, zile riwaya za zamani alizozipata alipokuwa karani wa shule. Nami niliyeishia kidato cha pili nikawa ndiye msomi wa kundi. Tukakubaliana kwamba mimi nisome, wao washone, na fungu langu wanishonee wao. Hakuna aliyeniona mvivu. Nikikohoa, maji yaliletwa.

Laiti ungaliwaona wakisikiliza! Walikuwa wakigombana na watu wa kitabuni. Kuna baba mkwe mmoja walimtukana kwa sauti hata mpita njia akasimama kuuliza kama anayesemwa ni yeye. Bi Mwanasiti naye, binti mmoja alipoozwa kwa mzee, alininyang'anya kitabu akakikalia, akasema hatuendelei mpaka wazazi wake wajirudi. Tulimbembeleza mpaka adhuhuri.

Kisha ikaja siku alipokufa yule mtoto. Katika riwaya ile alikuwa mtoto wa mchuuzi wa maji, ana kigugumizi, na tulikuwa naye tangu masika yaanze. Nilipofika pale anapofumba macho, niliacha kusoma. Nikainua uso nikamwona Mama Mutua, yule Mkamba aliyehamia kwetu mumewe alipopata kazi ya hoteli, ameshaweka sindano chini. Tukakunja mikeka, kila mtu akaenda kwake. Siku ya pili mnunuzi wa makuti akaja na lori akakuta kazi haijafika hata nusu.

"Makuti yako wapi, kina mama?"

"Jana hatukushona, mwanangu," Bi Mwanasiti akamjibu. "Tulifiwa."

Maskini, kijana wa watu akavua kofia. "Inna lillahi. Poleni sana. Ni nani?"

"Mtoto wa mchuuzi wa maji."

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Mmeshazika?"

Bi Mwanasiti akanigeukia mimi. "Eti, wameshamzika?"

"Sijafika huko," nikasema.

Alipong'amua, alikasirika vibaya, akaapa atatafuta washonaji wasiojua kusoma. Lakini mimi sijapata kuiona siku nyingine nzuri kama ile. Tulikuwa wanawake tuliochoka, kila mmoja na lake nyumbani, na tulimlilia mtoto ambaye hakuna aliyemzaa. Nilidhani vitabu ndivyo vilivyo. Nilidhani ndiyo kazi yao, kama kazi ya jiko ni kupika.

Ulipoingia chuo kikuu ukaanza kutuletea riwaya mpya. Nilifurahi, maana za babako tulikuwa tumezisoma hata Mama Mutua alikuwa akinitangulia kusema maneno. Kile cha kwanza kilianza na mtu asiye na jina ameamka ndani ya chumba kisicho na mlango. Nilisoma asubuhi nzima, hakutoka. Mama Mutua akauliza, "Huyu mtu mamake ni nani?" Sikujua. "Na hizi peji zote hajakunywa hata chai?" Hajakunywa. "Aah, basi huyo si mtu. Tusomee ingine." Nikasoma hicho kingine, nacho watu wake walikuwa wakihutubiana. Mume na mke wako kitandani, mume anamweleza mkewe hali ya nchi, ukurasa baada ya ukurasa. Bi Mwanasiti akasema, "Mume wangu angalikuwa hivi ningaliomba talaka yangu mapema." Cha tatu nilikipenda Kiswahili chake, nikawa narudia sentensi peke yangu jikoni, lakini nilipokimaliza sikuweza kumkumbuka hata mtu mmoja aliyekuwamo.

Nilikulalamikia, ukaniambia huo ni uandishi wa kisasa, msomaji naye anatakiwa atoke jasho. Nikakwambia jasho tunalo. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka, mimi na wewe.

Polepole wakaacha kunishonea fungu langu. Hakuna aliyesema neno, si watu wa kumvunjia mtu heshima. Siku moja tu nilifunga kitabu nikakuta ufito wangu uko palepale, mtupu, nikachukua sindano nikaanza kushona pamoja nao. Siku hizi mjukuu wa Bi Mwanasiti huleta simu, wakatazama video za watu wanaoanguka kwenye matope. Nami hutazama. Nisiseme uongo, nyingine zinachekesha.

Kisha kakako akafa. Unajua siku yenyewe, sina haja ya kuirudia yote. Bakari alikuwa akitoka Lunga Lunga na bodaboda, amepakia magunia ya vitunguu, na lori likampitia. Ameondoka akiwa hana mke wala mtoto, hakuna aliyeachwa ambaye ningemtazama nikamwona yeye usoni mwake. Hata picha zake ni zile za kitambulisho, kakunja uso kama mtu anayedaiwa. Yeye hakuwa na uso ule hata siku moja.

Nilijaribu kurudi kwenye riwaya zangu za zamani. Nilimtafuta yule mtoto wa mchuuzi wa maji, nikaenda moja kwa moja mahali anapokufa, maana nilitaka kulia na machozi yalikuwa hayaji. Nikaona karatasi tu. Basi usidhani vitabu vipya peke yake ndivyo ninavyovilaumu. Huenda nami kuna kitu kilizimika, na mtu aliyezimika hata umsomee nini hawaki. Sijui.

Ndipo siku moja ukaja likizo ukaniambia unaandika riwaya juu ya Bakari.

Riziki, sikukwambia wakati ule nilivyosikia moyoni. Nilienda nikasimama nyuma ya banda la mbuzi. Nilisema, huyu amelala naye mkeka mmoja tangu utotoni, amepigwa naye fimbo moja kwa kosa moja, anajua hata alivyokuwa akikwangua sufuria. Mimi nimeshaanza kumsahau, huyu atanirudishia. Nilingoja kitabu kile kama mtu anayengoja mgeni wa kweli, mwenye miguu, atakayeingia mlangoni. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikihesabu kwamba nina kitu cha kungoja. Sikuwahi kukwambia kwa sababu sikutaka kukutia mzigo.

Ulipokileta kimepigwa chapa, na jina lako juu yake, nililikusanya kundi nyuma ya nyumba ya Bi Mwanasiti kama zamani. Walikuja wote. Mama Mutua aliacha nguo zake kwenye karai. Wewe ukakaa kizingitini ukajifanya unatazama simu, nami nikaanza kusoma, nao kwa heshima yako wakachukua ufito wangu wakaniwekea fungu langu kati yao.

Nilisoma kwa siku tatu. Nilikuwa nikisikia sindano zao, Riziki. Siku ya mtoto wa mchuuzi sindano zilinyamaza. Safari hii hazikunyamaza hata mara moja, zilikwenda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, na ninajua ulizisikia nawe, kwa kuwa uliacha kubonyeza simu. Nilipofunga, Bi Mwanasiti alisema, "Mashallah. Kiswahili safi." Mama Mutua akasema, "Hongera, Riziki. Ni kitabu kikubwa." Kisha mmoja akauliza kama unga umeshuka bei. Ukainuka ukaenda zako.

Usiku ule uliniuliza, "Mama, wewe umekionaje?"

"Kizuri," nikasema.

"Hukulia."

"Sikulia."

"Lakini ni Bakari yule."

"Najua."

"Basi?"

Nami nikasema ninakwenda kutazama kama mbuzi wamefungwa. Walikuwa wamefungwa, niliwafunga mwenyewe.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Nilimtafuta Bakari katika kurasa zote za kitabu chako, sikumwona. Nilimkuta kijana asiye na jina, mwenye macho yaliyojaa maswali, anayezungumza na mwezi. Bakari alizungumza na kuku, na makanga wa matatu, na kila mtu aliyemkopa, lakini mwezi hakuwa na habari nao. Kijana wako anakufa, anakuwa moshi. Mamake anasimama dirishani analia akitazama bahari. Mwanangu, nyumba yetu ina dirisha moja, limezibwa kwa gunia, na ukilifungua unaona choo cha Bi Mwanasiti. Yule mama analia vizuri sana, nilimwonea wivu. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho nikisema labda atatokea katika huu, labda huu unaofuata. Nilipofika kwenye gamba la nyuma, ndipo nilipomzika mara ya pili.

Pole kwa maneno haya. Ningependa yawe mengine.

Lakini nisikuache ukidhani kosa ni lako, maana nimekaa na jambo hili tangu useme kwamba wewe na kuandika basi, ukaenda kuomba kazi ya benki. Wewe hukumwandika Bakari kwa sababu mimi nilikukataza. Huenda umesahau, au huenda unakumbuka na umenistahi. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Ulikuja jikoni ukaniuliza, "Mama, naweza kuandika ile siku ya matanga ulipocheka?" Nami nilikurukia. Nikakwambia ya ndani hayatoki nje, nduguyo ameshakwenda mbele ya haki, msitiri. Nikakwambia hutaandika kuku, hutaandika miraa aliyotafuna, hutaandika mamako kucheka. Na nikasema lile neno ambalo mzazi halisemi ovyo: ukiyaandika hayo sina radhi nawe.

Kwetu hapa mtu hupita motoni kabla ya kuipita radhi ya mamake. Ulikwenda ukatii. Ukatoa kuku, ukatoa miraa, ukatoa kicheko, ukatoa jina lake, ukatoa na dirisha letu, na ulipomaliza kutoa ulibaki na mwezi. Halafu mimi niliyekupa kisu cha kukatia nikakaa nyuma ya nyumba ya Bi Mwanasiti nikilalamika moyoni kwamba kitabu hakina nyama. Watu tulilelewa kufunika. Mtoto akianguka hadharani, tunamfunika kwanza ndipo tunatazama kama ameumia. Mimi nimefunika kila kitu maisha yangu yote, hata babako alipoondoka nilisema amekwenda kazini. Sikujua kwamba ukimfunika mtu sana humwoni tena hata wewe.

Basi leo nifunue mwenyewe, hata kama ni baada ya soko kufungwa.

Bakari alimuuzia Bi Mwanasiti jogoo. Jogoo yule alikuwa wetu, alizaliwa kwetu, na magharibi ilipofika alirudi akalala juu ya banda letu. Bi Mwanasiti haoni vizuri, alidhani ameibiwa. Siku chache baadaye Bakari akamchukua jogoo yuleyule, akamwosha, akampaka manjano mbawani, akaenda kumuuzia tena. Naye akanunua! Tena akashukuru, akasema huyu ana adabu kuliko yule wa kwanza. Nilijua, nilipaswa kumrudisha jogoo na kumchapa yule mhuni, lakini nilikuwa nimekaa juu ya kinu nacheka mpaka nashindwa kupumua.

Sasa siku ya matanga wanaume wako makaburini, sisi tuko mikekani, nyumba imejaa. Bi Mwanasiti akapangusa macho akasema mbele ya watu wote, "Bakari hakuwa na hila. Kijana mwaminifu, hata kuku wake nilinunua bila kuwatazama." Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka kwa sauti juu ya mkeka wa msiba wa mwanangu, nikamwona kabisa ameshika lile jogoo la manjano, na kwa muda ule hakuwa amekufa. Wakanitupia leso usoni wakaniingiza ndani, wakawaambia watu nimezimia. Ulikuwa umenishika mkono wa kushoto. Ulikuwa unatetemeka, na sikujua kama unalia au unacheka nawe. Sijawahi kukuuliza.

Nimekiandika kisa hiki mara ya tatu sasa, karatasi mbili nimezichoma. Nimeandika ukweli mtupu, sikuficha hata manjano. Nikisoma, hakichekeshi. Jogoo yupo, Bi Mwanasiti yupo, na Bakari bado hayupo. Kwa hiyo hata ningekuachia uandike ulivyotaka, huenda asingekuja. Huenda waliokufa hawaji, na yule mtoto wa mchuuzi alikuja kwa sababu hakuwahi kuwa hai. Hili ndilo linalonivunja moyo zaidi, kwa kuwa kosa lingekuwa langu tu ningekuomba msamaha, ukanisamehe, ukarudi kwenye kalamu, mambo yakaisha.

Radhi yangu unayo, sasa na siku zote. Andika kuku, andika miraa, andika mamako akicheka matangani, Bi Mwanasiti nitamaliza naye mwenyewe. Au usiandike, ukae benki, upate pensheni. Sitakulazimisha na wala sitangoja kitabu kingine. Kungoja kule kulinichosha, na sina nguvu ya kungoja hivyo mara ya pili. Mambo ya kusoma nimeyaacha. Vile vitabu vyako vilivyo uvunguni nitaviweka mahali pasipo na mchwa, ndiyo kazi niliyobakiwa nayo upande wa fasihi.

Lipo moja tu. Bakari aliporudi kutoka kwa Bi Mwanasiti mara ile ya pili, alisimama mlangoni akasema kitu kuhusu lile jogoo. Alisema kwa sauti yake ile, akaigiza na jinsi Bi Mwanasiti alivyolipapasa. Mimi nilikuwa nacheka mno, sikuyashika maneno, na sasa hata sauti imenitoka. Nikijaribu kuisikia nasikia yangu. Wewe ulikuwa umesimama karibu naye, unamenya muhogo. Wewe ulisikia.

Ukifika Eldoreti, nipigie uniambie alisema nini. Useme kama alivyosema yeye, usiyapambe. Na kama nawe umesahau, basi usipige siku hiyo wala inayofuata. Nitawaambia watu kwamba huko mtandao ni mbaya, na nitaamini hivyo mimi mwenyewe.

Mamako,
ninayekupenda na sikukuambia.